Wifi Aliyesajiliwa Julai

Toledo, Ohio
9 Januari 2011

Dada Rosalie,

Salamu nyingi kutoka kwa walioshindwa. Natumaini wewe na shemeji Verner hamjambo, na kwamba baridi ya Duluth haijawagandisha mikono, ingawa wako ungeganda kidogo mwezi Novemba hakuna ambaye angelalamika. Huku sisi wazima. Mama ana miaka themanini na minne na bado anaendesha gari, jambo ambalo majirani wanalizungumzia kwa sauti ya chini kama msiba. Binti yetu Hallie amerudi chuoni na makoti yangu mawili. Gwen hajambo. Theluji imefika kwenye madirisha.

Sasa jambo lenyewe. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu baba, Mungu amrehemu, alisambaza barua za watu kwa miaka thelathini na sita, akatuachia sheria kwamba lolote linalohusu mchezo wa Sikukuu ya Shukrani liandikwe, litiwe stempu, na tarehe iwe ile ya muhuri wa posta. Alitujua wanawe. Alijua kwamba kwa mdomo wewe ungekana hata jina lako.

Dada, huu ni mwaka wa saba mfululizo unanishinda. Nimekaa nikaitazama picha tuliyopiga baada ya mchezo. Timu yangu ni akina Nowicki watupu, damu yetu, niliowateua mmoja mmoja kila walipotimiza miaka kumi na tano. Nimewafundisha kurusha na kudaka ule mpira wenye umbo la yai katika kiwanja kile kile cha nyuma ya kanisa tulikofundishwa sisi. Na timu yako? Zimamoto aliyemwoa Paula wetu, mwalimu wa mieleka aliyemwoa binti wa Paula, na lile jitu kutoka Nebraska ambalo hakuna anayejua limemwoa nani. Hiyo si familia, dada. Hicho ni kituo cha mabasi.

Kwa hiyo napendekeza rasmi: usajili wa wachezaji huru ufutwe. Aliyeingia kwenye ukoo kwa ndoa akae pembeni, ashangilie, akate pai ya maboga. Timu zijengwe kwa uteuzi tu, zamu kwa zamu, aliyeshindwa akianza. Ni pendekezo la haki na halina uhusiano wowote na matokeo.

Nduguyo,
Norbert

*

Duluth, Minnesota
30 Januari 2011

Mdogo wangu Norbert,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, sijui ni theluji au machozi. Hatujambo. Ziwa limeganda mpaka macho yanapoishia. Verner anakwenda kuvua kila Jumamosi kwenye tundu la barafu, anakaa saa sita, anarudi na samaki mmoja na neno moja. Mara nyingi neno lenyewe ni "baridi."

Pendekezo lako nimelisoma kwa makini, kisha nikaliwashia jiko. Jibu ni hapana.

Uteuzi, uteuzi! Unajua uteuzi ni nini, Norbert? Ni kumtazama mtoto wa miaka kumi na tano mwenye miguu mirefu ukaona ndoto zako mwenyewe zinatembea. Ulimteua Todd wa Stanley kwa sababu Stanley alikuwa na mbio. Todd alirithi pua. Miaka kumi na sita unatuambia "subirini akomae." Amekomaa, ameota kipara, na mpira ukimjia bado anaruka pembeni kama ametupiwa paka. Kabla yake ulimteua yule binti mwenye mzio wa majani. Kiwanja ni cha majani, mdogo wangu.

Mimi siteui ndoto. Nachukua mtu mzima niliyemwona kwa macho yangu akipandisha friji ngazini. Lile jitu la Nebraska linaitwa Curtis, limemwoa mjukuu wa shangazi Wanda, na ndilo linalomfagilia Mama theluji mlangoni, kazi ambayo hakuna hata mmoja kati ya wateule wako aliyewahi kuiona kwa bahati mbaya. Mteule wako amezaliwa humo, hana pa kwenda. Wa kwangu ametuona tulivyo, amesikia tunavyogombana mezani, na bado ametia sahihi.

Tena unasahau upesi. Mchezaji wako bora hakuteuliwa. Gwen wako alikuja kwa ndoa mwaka 1986, na nilimkosa kwa muhuri wa siku moja, maana bwana harusi alikimbia posta kabla ya kwenda kukodi suti. Bila mkono wa Gwen ungekuwa unashindwa hata mazoezini.

Halafu, mbona kadi ya Krismasi ilikuwa na sahihi yako peke yako?

Dada yako,
Rosalie

*

Toledo
8 Machi 2011

Dada Rosalie,

Salamu. Kwaresima inaanza kesho na Mama amekaanga pączki, yale maandazi yetu ya jemu, sitini na mawili, akanipa mawili. Sitini ni ya "wageni." Hatujaona mgeni. Paa la gereji linavuja. Hallie anasema amebadili masomo kutoka biashara kwenda udongo. Nimemwuliza udongo una ajira gani, akasema kila kitu kipo juu yake.

Nimeongea na Dennis binamu yetu. Mapacha wake Colette na Bridget wanatimiza kumi na tano mwezi Mei. Nimewatazama mara tatu wakicheza soka shuleni kwao. Dada, wale watoto wanakimbia kama wameiba kitu. Nimeandika daftari zima: hatua, mikono, nani anageuka upande gani. Wewe endelea na wazee wako. Zimamoto wako magoti yanalia mpaka jukwaani yanasikika. Hata kwenye televisheni ni hivyo hivyo: kila machipuko timu fulani inajaza majina makubwa, magazeti yanaimba, na ikifika Novemba majina makubwa yamekaa benchi na barafu magotini. Mimi nina subira, najenga.

Gwen hajambo. Amekwenda kukaa kwa dada yake Sandusky kwa muda. Mambo ya kazi.

Norbert

*

Duluth
25 Aprili 2011

Mdogo wangu,

Pasaka njema iliyochelewa. Verner ndiye aliyepika mwaka huu. Nyama ilikuwa na rangi ya buti, tukamshukuru Mungu na kufungua mkebe wa samaki. Siku hizi nachoka kidogo, ndiyo maana nimemwachia jiko. Ni umri tu, usianze.

Hongera kwa mapacha na daftari. Mwanamume wa miaka hamsini na tatu kusimama nyuma ya uzio wa shule akiandika hatua za wasichana wa watu, nashangaa hukukamatwa.

Sasa nisaidie kuelewa kitu. Wifi yangu anasafisha meno ya watu katika kliniki iliyopo mitaa minne kutoka nyumbani kwenu. Ni kazi gani hiyo iliyompeleka Sandusky? Meno yamehama?

Nakuuliza kwa upole, mara moja: kuna nini?

Rosalie

*

Toledo
27 Juni 2011

Dada Rosalie,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa na mambo ya nyumba. Joto limekuwa kali. Nyanya za Mama zimeshika vizuri. Hallie ana kazi ya kiangazi katika shamba la mbegu na anarudi jioni amepaka udongo mpaka kwenye nyusi, eti ni masomo.

Uteuzi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeshindwa, nafasi ya kwanza ni yangu, na kwa barua hii namteua Colette wa Dennis. Ya pili ni yako, na kwa kuwa kila mwaka unaitupa, nachukulia umeitupa. Ya tatu namteua Bridget. Nimengoja siku hii tangu wakiwa na meno ya utotoni. Mimi na Gwen tulimaliza mambo yetu mahakamani tarehe 14. Colette anageukia kushoto kwa wepesi zaidi, kwa hiyo nitamweka upande wa uzio, na Bridget atakuwa katikati mpaka nione anavyodaka mpira uliolowa.

Mazoezi yanaanza Agosti. Jiandae kulia.

Norbert

*

Duluth
1 Julai 2011

Mdogo wangu Norbert,

Pole.

Hilo nimeliandika peke yake ili usidhani nimelichanganya na mambo mengine, kama wewe ulivyochanganya talaka na mguu wa kushoto wa Colette. Pole sana. Ningekuwa karibu ningekuja nikae jikoni kwako nisiseme kitu, ingawa najua huamini kwamba naweza.

Sasa mchezo. Umeniandikia wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na muhuri wa posta upo. Sheria za baba, kifungu cha nne: "Aliyekuja kwa ndoa atakuwa wa timu iliyomsajili maadamu ndoa ipo." Ndoa haipo. Kwa hiyo tangu tarehe 14 Juni Gwen hana timu, na kwa barua hii ninamsajili kwenye yangu. Nakala nimempelekea Mama, na nyingine Sandusky.

Yeye amekwishakubali kwa simu.

Rosalie

*

Toledo
6 Julai 2011

Rosalie,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la barua, jirani akaniuliza kama nimepata habari za kifo. Nikamwambia hapana, dada yangu yu hai, kwa bahati mbaya.

Una watu wazima wanane, mmoja wao ana ukubwa wa tingatinga. Nchi hii ina watu milioni mia tatu. Ulikosa mwingine wa kusajili?

Yule si wa ukoo huu tena. Karatasi ninayo. Asiyekuwa wa ukoo hachezi. Andika hilo kwenye kifungu chako cha nne.

N.

*

Duluth
20 Julai 2011

Mdogo wangu,

Hatujambo, asante kwa kuuliza. Verner anakusalimu, yaani alitikisa kichwa nilipotaja jina lako.

Karatasi yako inasema wewe na Gwen mmeachana. Nimeisoma mistari yote kichwani na sioni jina langu. Mimi na yeye hatujaachana. Miaka ishirini na mitano ni wifi yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari lenye gia, wewe ulishindwa kwa sababu ya kupiga kelele. Baba alipokuwa anakufa alimkata kucha. Kama unataka kumfuta, tafuta kifutio kikubwa zaidi.

Na usinihubirie damu. Tangu mwezi Machi umeniandikia kurasa kuhusu mapacha wa Dennis: wanakanyagaje, wanageukaje, wanapumuaje. Kuhusu mkeo umeniandikia "hajambo" mara mbili na "mambo ya kazi" mara moja.

Mama ametoa uamuzi, nimeambatanisha. Maneno yake ni haya: "Sijaachana na mtu. Gwen anakuja, anacheza, na analeta saladi yake ya viazi. Nyote wawili acheni upuuzi." Naona amekukasirikia wewe zaidi, lakini sitaki kujisifu.

Naomba unijibu. Si kuhusu mchezo.

Rosalie

*

Duluth
10 Novemba 2011

Mdogo wangu,

Karibu miezi minne bila barua. Hata posta ya baba wakati wa mgomo ilikuwa na kasi kuliko wewe. Nasikia kwa Mama kwamba u mzima, umetengeneza paa la gereji, na unawafundisha watoto wa watu siku tatu kwa wiki kwa filimbi. Natumaini filimbi inakujibu vizuri kuliko unavyonijibu mimi.

Naandika kukuarifu rasmi kwamba mwaka huu sitakuja Toledo. Gari letu lina tatizo la gia na Verner haliamini kwa safari ndefu. Nahodha wa timu yangu siku hiyo atakuwa Gwen. Ana ruhusa yangu kuamua kila kitu, isipokuwa kukuonea huruma.

Msalimu Mama, na umwambie nyama ya bata mzinga isikauke. Hatasikia, lakini mwambie.

Rosalie

*

Toledo
26 Novemba 2011

Dada Rosalie,

Salamu. Mama hajambo, nyama ilikauka. Hallie amekuja na chupa tatu za udongo kutoka kaunti tatu tofauti akazipanga mezani katikati ya vyakula, na Curtis karibu anyunyize mmoja kwenye viazi akidhani ni pilipili manga.

Huu ni mwaka wa kwanza hukuwepo, kwa hiyo nakusimulia mchezo. Najua Gwen amekwishakusimulia. Sikiliza na wa kwangu.

Hakukuwa na theluji, kulikuwa na matope. Gwen aliwapanga watu wako vizuri kuliko unavyowapanga wewe, samahani. Zimamoto alimweka mahali ambapo hahitaji kukimbia, asimame tu awe kizuizi, na hilo alilifanya kama mlango wa benki. Mwanzoni mlivuka mstari mara tatu sisi mara moja. Todd alianguka bila kuguswa na mtu. Nikajua ni mwaka wa nane.

Kisha wazee wakachoka, dada. Nilikuambia. Colette alipita upande wa uzio mara mbili, kushoto, kama nilivyoandika kwenye daftari. Bridget alidaka mpira uliolowa kwa mkono mmoja, Dennis akatupa kofia yake juu ya kanisa na bado iko huko. Ninyi mkaongeza moja tu, tukafika nne kwa nne. Halafu Hallie, ambaye nilimteua miaka mitano iliyopita na wewe ukaniandikia kwamba nimeteua kwa sababu ni binti yangu, akavuka mara ya tano. Tano kwa nne, na zamu ya mwisho ikawa ya kwenu. Mkisawazisha, kombe linabaki kwako.

Gwen akaupokea mpira. Akatafuta wa kumrushia, wote wamebanwa. Akaona nafasi, akakimbia mwenyewe. Ana miaka hamsini na moja, dada. Akampita Todd, hilo si ajabu, akampita Dennis, nikabaki mimi peke yangu kwenye mstari.

Unajua sisi hatuangushani tangu baba alipovunjika mbavu, ni kugusa tu kwa mikono miwili. Alikuwa hatua moja mbele yangu. Nikasimama. Naye sijui kwa nini akasimama. Angeweza kunipita, ninyi nyote mnanipita. Matope yalikuwa mpaka kidevuni mwake.

Akasema, "Norbert, gusa au pisha. Nimelowa."

Nikagusa. Mikono miwili, mabegani, kama sheria inavyosema. Watoto wakapiga kelele, Curtis akakaa chini akalia kama jengo linaloporomoka, Mama akapiga honi ya gari lake. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale. Sijui kwa muda gani. Nikamsikia Hallie nyuma yangu anasema, taratibu, "Baba, mchezo umekwisha. Mwachie."

Basi nikamwachia.

Uliniuliza kuna nini. Ngoja nikujibu, kwa kuwa sasa mimi ni bingwa na naweza kujibu chochote. Agosti mwaka jana Gwen aliniambia jikoni kwamba anataka kuondoka. Nilikuwa napanga majina ya timu. Nikamwuliza, "Kabla ya mchezo au baada?" Akanitazama. Akasema, "Baada." Nikamwambia asante. Hilo ndilo lililotokea, dada. Hakuna jingine. Nilimwambia asante nikaendelea na majina.

Baada ya chakula nilimfuata kwenye gari lake nikamwambia amecheza vizuri. Akasema, "Rosalie aliniandikia kurasa tatu kuniomba niichezee timu yake. Kwako nimecheza miaka ishirini na mitano na hukuwahi kuniomba hata mara moja." Nikasema sikujua kama inahitajika. Akasema, "Najua hukujua," na hakusema kwa ubaya, ndiyo maana siwezi kulala vizuri.

Kisha nikamwuliza kwa nini dada yangu ametoa kisingizio cha gia wakati Verner ni fundi wa magari. Akapekua mkoba kutafuta funguo. Nikamwuliza tena. Akasema aliapa asiseme. Nikamwuliza mara ya tatu, dada, na akalia, na akaniambia. Kwamba mwezi Septemba alikuwa Duluth wiki mbili, ulipopasuliwa. Kwamba nywele zimeisha. Kwamba unatapika kila wiki ya dawa na unaandika barua za kunitukana katika wiki ya mapumziko, kwa sababu ndipo mkono hautetemeki.

Mimi nilikaa miezi minne bila kukuandikia kwa sababu ulinichukulia mrusha mpira.

Niandikie unavyoendelea. Niandikie ukweli, si kuhusu gari. Nataka kuja.

Norbert

*

Duluth
4 Desemba 2011

Mdogo wangu Norbert,

Hongera. Kushinda mara moja katika miaka minane, dhidi ya timu isiyo na nahodha wake, kwa kumshika mwanamke mabegani ukakataa kumwachia: watu wameandikwa vitabuni kwa machache zaidi. Nimeicheka barua yako tangu mwanzo hadi mwisho. Mwambie Colette anageuka vizuri, na mwambie Hallie nakiri nilikosea, ila usimwambie kwa sauti.

Gwen hana siri. Nitamwambia hivyo. Alipaswa kukataa hata mara ya tatu.

Si jambo kubwa. Walikuta kitu mwezi Mei, wakakipunguza kwa dawa, Septemba wakakitoa, na bado wananipa dawa ili kisirudi. Nywele zilikuwa zinanichosha tangu zamani, na sasa Verner na mimi tunatumia kitana kimoja, chake, na yeye mwenyewe anakihitaji kidogo tu. Sikukuambia kwa sababu ungekuja na daftari.

Kuhusu Gwen. Sikumsajili ili kukuumiza. Sawa, kidogo. Nilijua tangu Mei kwamba Novemba sitaweza kusimama kiwanjani, na katika watu wangu wote hakuna mwingine anayeweza kuwaongoza wakati mimi sipo. Tena nilijua kwamba asipokuja mwaka huu hatakuja tena kamwe, na Mama angekuwa na kiti kitupu mezani na wewe ungekuwa na sababu ya kutokitazama. Basi. Ndiyo usajili wote huo. Nadhani umekuwa mzuri, hata kama matokeo ni mabaya.

Yale maneno ya Gwen kwamba hukuwahi kumwomba: usinijibu mimi juu ya hayo. Stempu za kwenda Sandusky zinauzwa hapo hapo zinapouzwa za kuja Duluth.

Na usije. Nasema kwa herufi kubwa: USIJE. Sura yangu ni kama yai, nyumba inanuka dawa, Verner anapika, na sina nguvu za kukushinda kwa mdomo, jambo ambalo sitakubali ulishuhudie. Njoo kiangazi, ziwa likiyeyuka, nitakuwa na nywele na matusi mapya.

Mwaka ujao mimi ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya uteuzi. Naona nitaitumia, kwa mara ya kwanza. Dennis ana mwingine mdogo, si ndiyo?

Dada yako akupendaye, na usimwonyeshe mtu sentensi hii,
Rosalie

Norbert. Verner hapa. Amenipa barua niipeleke posta, bahasha ilikuwa wazi. Nimesoma. Amebakiza dozi nne. Daktari anasema inaonekana vizuri, ila hasemi ni vizuri. Barua yako aliisoma mara tatu. Mara mbili alicheka. Ya tatu alilia mpaka nikazima redio. Amekuandikia usije. Mimi nakwambia njoo. Yeye hali chakula ninachopika. Mwombe mama yako akuandikie ile supu yake nyekundu ya bitiruti inavyopikwa, yote, pamoja na vipimo, uje nayo. Gwen anakuja kwa basi tarehe 17 kukaa wiki ya dawa. Nilimpigia nikamwambia nitakuita na wewe. Akasema sawa. Kitanda cha ziada ni kimoja, wewe utalala karakana, kuna jiko la kuni. Barabara ikishapita mji wa Eau Claire ina barafu. Endesha polepole.